Daktari wa kawaida na daktari wa meno: nani anakagua nini, na uanze kwa nani

Daktari wa kawaida akikuambia "fungua mdomo, sema aaa", anakandamiza ulimi kwa kijiti, anamulika tochi, anatazama koo na mafindofindo, kisha basi. Daktari wa meno akikuambia ufungue mdomo, huenda ukakaa umeuachama dakika kumi. Mdomo ni uleule, ila wa kwanza ameufanya dirisha la kuchungulia koo, na wa pili anaukagua wenyewe. Ndipo watu wengi wanapojichanganya: mtu ametoka kwa daktari ameambiwa yuko salama, anadhani na meno yamehesabiwa humo. Hayamo. Na aliyetoka kusafishwa meno hajui lolote kuhusu figo zake.

Kwa haraka, tofauti ni hizi:

| | Daktari wa kawaida | Daktari wa meno |
|---|---|---|
| Anachokitafuta | Presha, kisukari, upungufu wa damu, moyo, ini, figo, baadhi ya saratani | Meno kutoboka, ugonjwa wa fizi, vidonda na mabaka ya mdomoni, meno kusagika, kiungo cha taya |
| Vifaa | Mkanda wa presha, stetoskopu, mizani, futi kamba, tochi | Kioo kidogo, kijiti chenye alama za milimita, hewa ya kukaushia, taa, eksirei |
| Namba za kuondoka nazo | Presha, mzunguko wa kiuno, sukari | Kina cha fizi, idadi ya meno yenye tatizo |
| Maandalizi | Kwa sukari ya kufunga, saa 8 bila kula; maji ruksa | Kula kama kawaida, piga mswaki, beba orodha ya dawa zako |
| Kinachorukwa mara nyingi | Kupumzika dakika 5 kabla ya presha. Kukagua miguu | Kupima fizi. Kuvuta ulimi na kutazama pembeni yake |

Mstari wa mwisho ndio wenye faida kubwa kwa anayechagua kliniki. Mashine nyingi si dalili ya uchunguzi mzuri. Dalili ni vitu vidogo visivyorukwa.

Presha, kipimo rahisi kinachoharibika kirahisi

Kama kuna kitu kimoja tu utakachofanyiwa na daktari wa kawaida, kiwe presha. Haina dalili kwa miaka mingi, kipimo chake ni cha bei ndogo, na dawa zake zinafanya kazi. Lakini namna inavyopimwa kwenye foleni ndefu, majibu yake mara nyingi ni ya kubahatisha.

Kipimo sahihi kinakwenda hivi. Nusu saa kabla, hakuna kahawa, sigara wala mazoezi. Unakwenda haja ndogo kwanza. Unakaa kwenye kiti chenye mgongo kwa dakika tano, umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu haijapishana. Mkono unawekwa juu ya meza, mkanda ukiwa usawa wa moyo, juu ya ngozi na si juu ya shati. Hakuna kuongea, wewe wala nesi. Kinapimwa kipimo cha kwanza, inasubiriwa dakika moja au mbili, kinapimwa cha pili, kisha unachukuliwa wastani.

Kila hatua inayorukwa inasukuma namba, na karibu zote zinaisukuma juu. Kibofu kilichojaa, maongezi, mkono unaoning'inia: kila kimoja kinaweza kuongeza milimita kadhaa, wakati mwingine hata kumi. Kosa linaloumiza zaidi ni mkanda mdogo kwenye mkono mnene. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda unatakiwa kuzunguka angalau asilimia 80 ya mkono. Ukiwa mfupi, hauwezi kuubana mshipa vizuri, mashine inalazimika kujaza hewa zaidi, na mtu mzima wa afya anaandikiwa dawa za maisha. Mwenye mkono mnene asione haya kuomba mkanda mkubwa.

Mpaka wa presha kubwa unaotumika na Shirika la Afya Duniani ni 140/90, ikiwa imeonekana hivyo kwa siku mbili tofauti. Vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani vilishusha mpaka wao hadi 130/80 mwaka 2017, kwa hiyo mwenye 134/84 anaweza kuitwa mgonjwa katika chumba kimoja na mzima katika kingine. Si kwamba mmoja amekosea. Wanatumia mistari tofauti. Ukipima nyumbani, ambako hofu ya koti jeupe haipo, wastani wa 135/85 unachukuliwa sawa na 140/90 ya kliniki.

Mikono ya daktari

Baada ya presha na mapigo ya moyo (60 hadi 100 kwa dakika kwa mtu aliyetulia), uchunguzi wa mwili wenyewe unaanzia usoni. Kope la chini linavutwa kuangalia kama wekundu umepauka, dalili ya upungufu wa damu. Weupe wa jicho unatazamwa kama una umanjano wa ini. Shingoni daktari anasimama nyuma yako na kukuambia umeze mate: tezi ya shingo hupanda pamoja na mmezo, na uvimbe unaopanda nayo ni wa tezi hiyo. Vidole vinapita chini ya taya, nyuma ya masikio na juu ya mfupa wa mtulinga kutafuta mitoki.

Stetoskopu inawekwa juu ya ngozi. Ikiwekwa juu ya nguo, nusu ya kinachosikika ni msuguano wa kitambaa. Moyo unasikilizwa mahali pasipopungua panne, kila moja na vali yake, na mapafu yanasikilizwa kwa kulinganisha kulia na kushoto huku ukivuta pumzi kwa mdomo wazi.

Tumboni kuna utaratibu unaomtambulisha mjuzi: anatazama, anasikiliza, anagonga, ndipo anabonyeza. Akianza kubonyeza, anauchokoza utumbo na sauti zake zinabadilika. Magoti yako yanakunjwa ili misuli ya tumbo ilegee, na unapovuta pumzi ini linashuka kukutana na vidole vyake. Ule ugongaji wa kifua kwa vidole ulitangazwa mwaka 1761 na Leopold Auenbrugger, daktari wa Austria aliyekuwa mtoto wa mwenye nyumba ya wageni; inasemekana aliujua kwa kuona mapipa yakigongwa ili kujua kinywaji kimebaki kiasi gani. Kifua chenye maji hutoa mlio mzito kama pipa lililojaa.

Kiuno hupimwa kwa futi kamba katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mwisho wa pumzi ya kawaida, bila kuvuta tumbo ndani. Mipaka inayotumika sana ni sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake kama onyo la kwanza, 102 na 88 kama onyo kubwa, ingawa kwa watu wa asili ya Asia mipaka ya wanaume huwekwa chini zaidi. Namba hii inaeleza mafuta yaliyozunguka viungo vya ndani, jambo ambalo uwiano wa uzito na urefu hauwezi.

Mwenye kisukari avue viatu na soksi. Daktari anagusa nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki uliotengenezwa kupinda kwa shinikizo la gramu 10. Usipouhisi, neva za mguu zimeanza kufa na kidonda kinaweza kuanza bila wewe kujua. Uchunguzi wa mwenye kisukari aliyetoka na viatu miguuni haujakamilika, hata kama karatasi ya maabara ina kurasa nne.

Kurasa nne za maabara

Hapa ndipo pesa nyingi huliwa. Vipimo vya damu vyenye sababu kwa mtu mzima asiye na dalili ni vichache. Sukari ya kufunga: 7.0 mmol/L au zaidi ni kisukari, kipimo kikirudiwa na kuthibitika. Au kipimo cha hemoglobini A1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, ambacho mpaka wake ni asilimia 6.5 na hakihitaji kufunga. Mafuta ya damu, kreatinini ya figo na mkojo wa kuangalia protini vinaongezwa kwa mwenye presha, kisukari au umri uliosogea. Wingi wa damu kwa wenye sababu: chini ya 13 g/dL kwa mwanamume na chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito ni upungufu.

Kinyume chake ni vifurushi vya "uchunguzi wa mwili mzima" vyenye vipimo ishirini, thelathini. Fikiria hesabu yake. Kiwango kinachoitwa cha kawaida kwa kawaida hupangwa kichukue asilimia 95 ya watu wazima wenye afya. Maana yake, kila kipimo kina nafasi ya asilimia 5 ya kumwita mzima mgonjwa. Ukipima vitu 20 visivyohusiana, nafasi ya kupata angalau kimoja "kibaya" bila ugonjwa wowote ni asilimia 64. Kisha inaanza safari ya kurudia vipimo, kupiga ultrasaundi, hata kuchomwa sindano ya kuchukua kinyama. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio yenye watu zaidi ya 250,000, hayakuona kwamba uchunguzi wa jumla wa namna hii unapunguza vifo. Hiyo haina maana usipime. Pima kile ambacho umri wako na historia ya ukoo wako vinakidai.

Saratani ya mlango wa kizazi ni mfano wa kipimo kinachodai nafasi yake: Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha HPV, kirusi kinachoisababisha, kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10, na kwa wanawake wanaoishi na VVU kuanzia 25, kila miaka 3 hadi 5. Alama za saratani zinazouzwa kwenye vifurushi vya damu, kwa mtu asiye na dalili, nyingi hazina kazi hiyo kabisa.

Kwenye kiti cha meno

Daktari wa meno mzuri haanzi na meno. Anaanza na maswali: una vali ya bandia ya moyo? Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Sindano au vidonge vya kuimarisha mifupa? Una mimba? Kisha anaweka vidole mbele ya masikio na kukuambia ufungue na ufunge, akisikiliza kiungo cha taya kama kinalia au kinavuta upande. Mdomo wa mtu mzima hufunguka takriban milimita 40 hadi 50. Ukiweza kuingiza vidole vyako vitatu kwa wima, uko sawa.

Halafu nyama laini: midomo kwa ndani, mashavu, kaakaa, na ulimi. Ulimi unashikwa kwa kipande cha shashi, unavutwa kulia, kisha kushoto, kisha unainuliwa. Pembeni na chini ya ulimi ndipo saratani ya mdomo inapopenda kujificha, na hapaonekani kwa kutoa ulimi nje tu. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili, baka jeupe lisilofutika, baka jekundu: hivyo vinatakiwa kupelekwa mbele, si kupakwa dawa na kusubiriwa. Shughuli yote hii haichukui dakika mbili, na ndiyo inayorukwa kwanza kliniki ikijaa.

Sasa fizi, ambako uchunguzi wa kweli na wa kujifanya hutengana. Kijiti cha kupimia ni chembamba, ncha yake ina kitone cha nusu milimita na mwili wake una mkanda mweusi kati ya milimita 3.5 na 5.5. Kinateremshwa taratibu kati ya jino na ufizi, kwa uzito wa gramu 20 hadi 25 tu. Ukikibonyeza kwenye kucha kwa nguvu hiyo, ngozi inapauka kidogo bila kuuma. Fizi nzima ina kina cha milimita 1 hadi 3. Mkanda mweusi ukizama nusu, pana mfuko wa milimita 4 au 5. Ukizama wote, ni 6 au zaidi, na mfupa unaoshika jino umeshaanza kuliwa.

Kipimo kamili huchukuliwa mahali sita kwa kila jino, tatu upande wa shavu na tatu upande wa ndani, kwa hiyo mwenye meno 28 anapimwa mara 168. Si kila mtu anahitaji hivyo. Kwa kawaida mdomo unagawanywa sehemu sita, kijiti kinatembezwa kuzunguka meno, na inaandikwa namba mbaya zaidi ya kila sehemu. Ikionekana mifuko, ndipo kinapimwa kila kitu. Ukiwa kitini utasikia daktari akimtajia msaidizi namba. Ukitoka bila kusikia namba yoyote, fizi zako zimetazamwa tu, hazikupimwa.

Mvuta sigara ana mtego wake: nikotini hubana mishipa midogo, fizi hazitoki damu hata zikiwa zinaoza kwa ndani. Ukimya huo humdanganya mwenyewe na daktari mvivu.

Meno yenyewe hukaushwa kwa hewa kwanza. Doa jeupe la mwanzo wa kutoboka huonekana jino likikauka na hupotea likilowa mate, na kwa hatua hiyo bado linaweza kurudishwa kwa floridi bila kuchimba. Kuchoma doa hilo kwa ncha kali ni ufundi wa zamani; ncha inaweza kuvunja tabaka la juu lililokuwa bado linasimama na kugeuza doa kuwa tundu.

Matundu yaliyo kati ya magego hayaonekani kwa kioo. Hapo picha za eksirei za kung'ata, mbili au nne, ndizo zinazofaa, na mionzi yake ni sawa na ile ya asili tunayoipata ndani ya siku chache. Hata hivyo picha nayo huchelewa: takriban theluthi moja ya madini mahali pale huwa imeshaondoka kabla kivuli hakijaonekana. Mtu mzima asiye na matundu mapya anazihitaji kila miaka miwili au mitatu. Kliniki inayopiga picha ya taya zima kwa kila anayeingia, kila mara, inastahili kuulizwa kwa nini.

Kusafisha ugaga si uchunguzi. Ni tiba nzuri kwa mwenye ugaga, ambao hupenda kukaa nyuma ya meno ya mbele ya chini na ubavuni mwa magego ya juu, karibu na matundu ya tezi za mate. Lakini mtu anaweza kusafishwa na kung'arishwa akaondoka na mfuko wa milimita 6 uliofunikwa vizuri.

Waliokosea mlango

Harufu mbaya ya mdomo huwapeleka watu kwa daktari wa tumbo, wanapewa dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi. Mara nyingi zaidi chanzo kiko mdomoni: utando wa nyuma ya ulimi, mifuko ya fizi, tundu lililojaa chakula. Anza kwa daktari wa meno.

Meno ya juu ya nyuma yakiuma matatu, manne kwa pamoja, na maumivu yanazidi ukiinama, huku pua imeziba, yaelekea ni sainasi, yaani nafasi za hewa ndani ya mifupa ya uso. Mizizi ya magego ya juu imepakana nazo. Daktari wa meno akigonga na kupima kwa baridi asipate jino lenye hatia, atakurudisha kwa daktari wa kawaida, na asing'oe kitu.

Taya likiuma kila unapopanda ngazi na kutulia ukisimama, usiende kwa daktari wa meno kabisa. Hiyo inaweza kuwa sauti ya moyo. Likija ghafla pamoja na kifua kubana au jasho la baridi, ni hospitali, saa hiyohiyo.

Na kuna mambo daktari wa meno huyaona kabla ya mwenzake. Sehemu ya ndani ya meno ya mbele ya juu ikiwa imelika na kulainika, tindikali inapanda kutoka tumboni. Fizi zinazopata majipu mara kwa mara, au zisizopona baada ya matibabu mazuri, zinaomba kipimo cha sukari: kisukari kisichodhibitiwa huharibu fizi, na fizi zilizovimba nazo hufanya sukari iwe ngumu kushuka. Mdomo mkavu mara nyingi ni dawa, hasa za mzio, sonona na baadhi ya zile za presha, na mate yakipungua meno hutoboka shingoni, pale karibu na ufizi.

Basi uanze kwa nani

Umefika miaka 40, huna maumivu, na presha haijapimwa mwaka huu: daktari wa kawaida kwanza. Kliniki nyingi za meno nazo huahirisha kung'oa jino kwa hiari presha ikifika 180/110, kwa hiyo hata safari ya meno inakwenda vizuri zaidi ukijua namba yako.

Kijana asiye na ugonjwa, havuti sigara, ukoo hauna kisukari, lakini fizi zinatoka damu akipiga mswaki: daktari wa meno, wala asisubiri.

Anayekaribia kubadilishiwa vali ya moyo, kupigwa mionzi ya saratani ya kichwa au shingo, au kuanza dawa za mifupa za kundi la bifosifonati: daktari wa meno kabla ya matibabu hayo. Jino bovu ling'olewe wakati mfupa bado una uwezo wa kupona. Kwa mionzi, iwe wiki mbili hivi kabla. Likibaki na kung'olewa baadaye, kidonda cha taya kinaweza kukataa kufunga. Kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asiziache mwenyewe kwa ajili ya kung'oa jino. Madaktari wawili waongee kwanza. Damu ya jino huzuilika kwa shashi na uzi, na ganda la damu kwenye ubongo halizuiliki hivyo.

Mjamzito anaweza kukaguliwa meno wakati wowote, ila miezi ya kati, wa nne hadi wa sita, ndiyo anayoweza kulala kitini bila taabu. Mtoto apelekwe kwa daktari wa meno kabla ya kutimiza mwaka, kisha atazamwe kwa makini akifika miaka sita: gego la kwanza la kudumu huota nyuma ya meno ya utotoni bila jino lolote kung'oka, na wazazi hulidhania la kutoka. Mzee aliyebaki na meno ya bandia matupu naye anakwenda. Hana jino la kutoboka, lakini ulimi, kaakaa na sakafu ya mdomo anavyo.

Uso uliovimba pamoja na homa, kushindwa kumeza au mdomo kukataa kufunguka havimo katika uchaguzi huu. Chanzo kinaweza kuwa jino, lakini mahali pa kwenda ni hospitali yenye dharura, kwa sababu uvimbe unaoteremka chini ya ulimi huziba njia ya hewa.

Kuhusu marudio, ile "kila miezi sita" ya meno ni mazoea kuliko kanuni. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unampa mtu mzima muda wa miezi 3 hadi 24 kulingana na hali ya mdomo wake: mwenye kisukari na mifuko ya fizi arudi mapema, mwenye mdomo mkavu wa dawa arudi mapema, na asiye na tundu wala damu kwa miaka anaweza kungoja. Presha iwe kila mwaka kuanzia 40, au mapema zaidi kwa mnene na kwa ambaye imewahi kukaribia mpaka.

Kwa vyovyote utakavyoanza, beba karatasi moja kwa wote wawili: dawa zote na miligramu zake, mzio, presha ya mwisho na tarehe yake, sukari ya mwisho, kina kikubwa cha fizi na ni jino gani. Madaktari hawa wawili mara nyingi hawasomi faili moja.